Kwa Nini Mlimani Mwenye Hatua Fupi Hutangulia

Msifunge kamba za viatu kwanza. Ukungu huu hautaondoka kwa kuangaliwa, na kibanda cha pili hakina miguu ya kutukimbia. Tangu jana mnaniuliza kwa nini nimemweka mbele yule mwenye hatua fupi kuliko wote, na ninyi wenye nguvu nimewapanga nyuma yake kama mkia. Nitawaambia kama nilivyoambiwa na walionifundisha kazi hii ya kuongoza watu mlimani.

Zamani Mlima huu haukuwa umekaa. Barafu mnayoiona kule kileleni, imetulia kama nguo iliyoanikwa, ilikuwa haijui kutulia. Ilishuka mpaka kwenye msitu, ikapanda, ikashuka tena. Chini ya ardhi moto nao ulikuwa vivyo hivyo, ukitoboa hapa, ukizibwa, ukitoboa kule. Mawe yalibingirika mchana kutwa. Mgomba uliopandwa leo ulikutwa kesho bondeni, kwenye kihamba cha jirani, shamba lake la migomba, na jirani akadai ni wake. Ndege, watu walisema kwa utani, walitaga huku wakiruka.

Watu wa kusini walikuwa na ndugu zao kaskazini. Kuuzunguka Mlima kwa chini kulichukua siku tisa. Kupita juu, kwenye uwanda ulio kati ya vilele viwili, kulichukua siku moja, lakini siku ya kukimbia. Maana kila aliyefika kwenye mawe meusi aliikuta barafu ikimfuata. Akikimbia, ilikimbia. Akiongeza mwendo, iliongeza. Ardhi nayo ikapata joto chini ya nyayo zake, kwa sababu moto ulimfuata kwa chini. Basi watu wakafundishana kukimbia zaidi. Mama alimwambia mwanawe, ukifika kwenye mawe usitazame nyuma. Hakuna aliyejaribu njia nyingine, na nani angejaribu?

Aliyewashinda wote kwa mbio alikuwa mwanamke mmoja, Mkunde, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha watu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu isiyojua kiti. Hata nyumbani alikula amesimama, na wanawake wenzake walimtania kwamba mumewe angeulizwa sura ya mkewe, angeeleza mgongo. Mkunde hakuvusha wazee. Hakuvusha wagonjwa. Asiyeweza kumfuata alimrudisha mapema, pale msitu unapoanza.

Siku moja akaja kwake mzee aitwaye Materu. Miaka kumi na minane nyuma, wakati wa kiangazi kikali, Materu aliufunga mfereji uliopeleka maji kwa mdogo wake, Kiwia, ili maji yote yaingie kwake. Migomba ya Kiwia ikakauka yote. Kiwia hakugombana. Alifunga mizigo yake, akahamia upande wa kaskazini, na hawakuonana tena. Sasa zilikuwa zimefika habari kwamba Kiwia ni mgonjwa, hali hata uji, na hesabu yake ni ya siku chache.

Mnajua desturi ya huku. Anayeomba radhi huchuma jani la sale na kumpelekea aliyemkosea, na akiletewa sale mtu hawezi kukataa kusamehe. Lakini jani hilo halitumwi. Hulipeleka mkosaji mwenyewe, kwa mkono wake, likiwa bado bichi. Siku tisa za kuzunguka zingelikausha jani, na zingemkausha Kiwia.

Mkunde alimtazama mzee magoti, akatikisa kichwa.

"Baba, mimi sivushi miguu ya namna hiyo."

"Miguu hii ndiyo iliyokwenda kufunga maji," Materu akasema. "Ndiyo itakayokwenda kuomba radhi."

Mkunde akamtuma akachume jani lake.

Waliondoka alfajiri. Msituni alimshika mkono. Kwenye majani makavu alimburuta. Walipofika kwenye mawe meusi mzee alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi, na nyuma yao ikasikika ile sauti, kama mtu anayesaga changarawe kwa meno. Barafu ilikuwa inakuja. Mkunde akavuta, mzee akajikwaa. Akamwinua, akajikwaa tena, na safari hii akakaa chini.

Hapo, wanangu, Mkunde alimwachia mkono akakimbia. Wanaoisimulia hadithi hii siku hizi hupenda kuliruka jambo hilo, lakini mimi siliruki. Alikimbia hatua ishirini, alikimbia hatua mia, na barafu ikakimbia. Kisha, kwa sababu mkono uliokuwa umeshika mkono wa mzee ulikuwa bado una joto lake, alifanya asilowahi kufanya maishani. Alitazama nyuma.

Barafu ilikuwa imempita mzee. Ilijigawa pande mbili, ikapita kulia kwake na kushoto kwake, kama maji yapitavyo jiwe katika mfereji. Materu alikuwa ameketi katikati, jani lake kifuani chini ya shuka, hajaguswa. Mkunde akasimama kwa mshangao. Barafu ikasimama. Akanyanyua mguu mmoja. Barafu ikalia kidogo, kama mlango. Akaushusha mguu. Kimya.

Akarudi kwa mzee, hatua moja, kisha moja, nayo ikageuka pamoja naye, taratibu, ikimpisha.

"Hainitaki mimi barafu hii," Materu akamwambia. "Inafuata haraka, na mimi sina."

Basi Mkunde akamweka mzee mbele, yeye akafuata nyuma. Ilikuwa safari ngumu kuliko zote alizowahi kwenda. Kwa kila hatua moja ya mzee, miguu yake ilitaka nne. Iliwaka, iliwasha, ilimwuma kama imekanyaga siafu. Alifikiri juu ya Kiwia na pumzi zake zilizobaki. Aliona ncha ya jani ikianza kuwa nyeusi kwa baridi. Kila alichokiona kilimwambia kimbia, na mbele yake kulikuwa na visigino viwili vilivyopasuka, vikiinuka na kushuka, vikiinuka na kushuka. Akavifuata.

Mzee alipochoka, walipumzika. Mkunde alipanga mawe kuzuia upepo, akaezeka kwa majani makavu ya ile miti minene yenye mashungi kichwani, wakaingia. Nje barafu ikajilaza kama mbwa. Chini moto ukatulia, ukawapashia sakafu. Kesho yake wakatembea, wakachoka, wakajenga tena. Wakafanya hivyo mara tatu. Na walipoinuka kutoka kibanda cha tatu, barafu haikuinuka. Ilikuwa imeonja usingizi. Mkunde akaweka kiganja juu ya jiwe jeusi, akakuta limepoa. Moto nao ulikuwa umelala.

Wakashuka kaskazini. Kiwia walimkuta kwenye ngozi, mlangoni mwake, macho yakiwa wazi. Materu alipiga magoti, akatoa jani, na nusu yake ilikuwa nyeusi. Akaanza kueleza habari za barafu na magoti yake, akiomba asamehewe kwa zile siku tatu.

Kiwia akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Umechelewa miaka kumi na minane," akasema. "Hizo tatu ndizo zinazokutia aibu?"

Akalichukua jani lilivyo, akamwambia mkewe asogeze ngozi, kaka yake apate pa kukaa. Aliishi siku nne baada ya hapo. Waliokuwepo wanasema zilitosha.

Na tangu siku hiyo hakuna anayeupita Mlima huu kwa siku moja. Vibanda tunavyolala vimesimama palepale mzee alipochoka, na ndiyo sababu mkivipima mtaona havilingani umbali. Mwenye hatua fupi hutangulia, naye ndiye anayesema tupumzike wapi. Mwongozaji hukaa nyuma yake na kuvumilia. Msidhani tumezaliwa na utulivu. Mkunde aliwashwa na miguu hadi uzee wake, na mimi naongea nanyi hapa huku vidole vinacheza ndani ya viatu.

Barafu nayo inapungua. Nilipoanza kazi hii ilifika kwenye mwamba ule mwekundu, sasa imepanda mpaka siioni mwisho wake. Wako wasemao imeamka, imeanza tena kumfuata mtu, mahali fulani, anayekimbia bila kutazama nyuma. Mimi simjui mtu huyo. Ninachoweza ni kuhakikisha si mmoja wetu. Haya, ukungu umefunguka. Mama, tangulia.