Jina la Mtoto wa Chumba Kipya

Sogeeni. Kisa ninacho, jibu sina. Jibu mtalitoa ninyi.

Katika kijiji cha Kwemhanga, chama cha akina mama kilijenga chumba cha kujifungulia. Wanawake watatu wakakipa vifaa. Bi Nasra, mwalimu mstaafu, alitoa pikipiki yenye tela la kubebea wagonjwa, lenye godoro na kamba nne za kumzuia mgonjwa asidondoke. Mama Perpetua, fundi cherehani, alitoa mfuko wa mpira wa kumpulizia hewa mtoto asiyelia. Bi Zuhura, mwenye kitalu cha miche, alitoa kitanda cha joto cha watoto njiti.

Katibu wa chama, Hilda, alitaka kuwashukuru kwa namna wasiyoweza kuisahau. Akaandika: “Mtoto wa kike wa kwanza atakayezaliwa humu ataitwa jina lako.” Barua ilimpendeza. Akaitumia mara tatu, akibadilisha jina la juu tu.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Tunu, mwenye mimba ya miezi saba.

Pikipiki ilimfikisha kwa dakika kumi na nane. “Angekuja kwa miguu,” nesi alisema, “mtoto angezaliwa njiani, akafia njiani.”

Mtoto, wa kike, alitoka kimya. Nesi aliubana mfuko wa mpira, akahesabu, akabana tena. Mara ya arobaini na moja, mtoto akalia. “Bila mfuko huu, nisingekuwa na la kufanya.”

Alikuwa na kilo moja na gramu mia nne. Alilala kwenye kitanda cha joto siku kumi na tisa. “Bila kitanda,” nesi alisema, “asingeiona siku ya pili.”

Lakini Tunu, siku ileile ya kujifungua, alitokwa damu nyingi. Ya kumwongezea haikuwepo, kwa sababu chumba hakina jokofu la kuihifadhia. Alifariki saa nane mchana. Nesi aliandika saa, akanawa mikono.

Siku ya kumpa mtoto jina, wafadhili wote watatu walifika, kila mmoja na barua yake.

“Hilda mwanangu,” Bi Nasra alisema baada ya kuzilinganisha, “hata koma hukuihamisha?”

“Mimi mwenzenu nimeshadarizi,” alisema Mama Perpetua, akitoa kofia nyeupe yenye jina lake.

“Kofia yenyewe inamtosha mbuzi,” alisema Bi Zuhura.

Wakacheka kidogo.

Bi Mwanahawa, mama yake Tunu, alikuwa amempakata mjukuu. “Asanteni, wenzangu. Bila ninyi nisingekuwa na huyu. Lakini kwetu, mtoto aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa hupewa jina la mama. Mimi namwita Tunu.”

Mwenyekiti wa chama alimvuta Hilda pembeni. “Jokofu la damu tutawaomba haohao watatu,” alinong’ona. “Tukivunja ahadi leo, tutawaendea kwa uso gani?”

Hilda akarudi mezani. Fomu ya kumwandikisha mtoto ilikuwa imeshajazwa tarehe, saa, uzito na jina la mama. Akashika kalamu. Mtoto alipiga chafya, na hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wanaitazama kalamu.

Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya jina moja.

Je, wewe ungeandika lipi? Na hao ambao majina yao hukuyaandika, ungewashukuru vipi?