Washa Iliyozunguka Chini ya Nati

Wapendwa, kabla hatujarudi kwenye somo letu, twendeni kwanza uani kwa mtu mmoja.

Mtu huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo cha ufundi, na alikuwa na pikipiki kuukuu. Miaka thelathini na nane nyuma, alikuwa akipanda mlima kwa pikipiki hiyo kwenda kuchumbia. Sasa mama mkwe wake alikuwa mzee sana na macho yamekwisha. Akatuma neno kwa binti yake: "Jumamosi natimiza miaka tisini. Zawadi siitaki. Nataka kuusikia ule mlio ukipanda, nijue ni ninyi mnakuja."

Mnauona uzito wa jambo lenyewe? Ukitaka kumkatalia mama mkwe, si utafute jambo jingine?

Lakini pikipiki ilikuwa mgonjwa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikianza kupanda tu, injini inatema oili na hewa ya moto pembeni, chini ya kichwa chake, na nguvu zinakwisha.

Sisi tusio mafundi tuelewane kidogo. Injini ile ina kichwa, pande la chuma linaloifunika juu kama mfuniko wa sufuria. Bolti nne zimesimama na kupita katikati ya kichwa hicho, na juu ya kila bolti kuna nati. Chini ya nati kuna washa, kile kipete bapa cha chuma. Nati inaikandamiza washa, washa inakikandamiza kichwa, mfuniko unatulia. Ni hivyo tu.

Mzee akagundua kwamba kichwa kimepinda kwa joto. Akakipeleka karakana kikachongwa mpaka kikawa sawa, kama kilivyowahi kuchongwa mara mbili huko nyuma. Jumatatu akakirudisha. Akakaza nati kidogo kidogo, moja ya mbele kulia, ifuatayo ya nyuma kushoto, kwa mkato wa msalaba, akitumia spana yenye mshale wa kipimo. Nawaona mnaotabasamu. Mmesikia msalaba mkadhani mahubiri yamefika. Bado.

Jumanne akaijaribu mlimani. Ikatema oili vilevile. Akairudisha uani akiisukuma. Injini ilipopoa, mkewe akachukua kitambaa na mafuta ya taa akaanza kuipangusa.

"Baba Aikande," akasema, "hii washa inazunguka."

"Inazungukaje?"

"Naizungusha kwa ukucha."

"Haiwezekani, mama. Nati nimeikaza kwa kipimo. Hiyo ni oili inateleza chini ya kidole chako."

"Sawa. Oili ya siku hizi ina tundu katikati."

Jumatano mzee akakaza zaidi, mshale ukapita pale ulipotakiwa kufika. Akapanda mlima, akarudi na suruali yenye oili hadi gotini. Mkewe akapangusa tena. "Washa bado inazunguka," akasema.

Ndipo mwalimu alipofundisha. Akaeleza nguvu, akaeleza msuguano, akachora bolti kwenye vumbi kwa kijiti. Mama alisikiliza hadi mwisho, kitambaa mkononi.

"Umefundisha vizuri," akasema. "Mtihani ni lini?"

Alhamisi mzee akatafuta bomba la kuchomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Aliyewahi kukaa gereji anajua bomba lile maana yake nini. Bolti itakatika, na bolti ya pikipiki ya umri ule haipo dukani. Ikikatika, hakuna safari, na kikongwe atakaa Jumamosi nzima akitega sikio bure.

Mkewe akatoka na chai, akaiweka juu ya kigoda, akasimama.

"Mbona leo husemi kitu?" mzee akauliza.

"Nimesema mara mbili. Lete mkono."

Akamshika mkono, akauongoza, akaweka kidole cha mumewe juu ya washa. "Zungusha."

Ikazunguka. Akagusa ya pili, ikazunguka. Zote nne zilizunguka, na nati juu yake zimekaza kabisa.

Mzee akakaa chini. Akaelewa. Kila kichwa kilipochongwa kilizidi kuwa chembamba, lakini bolti zilibaki na urefu wake uleule. Nati ilishuka mpaka uzi wa bolti, ile mikato ya kuzunguka inayopitiwa na nati, ulipoishia, ikagota hapo. Mshale haukusema uongo. Nati ilikuwa imekaza kweli, ila ilikuwa imejikazia kwenye bolti yake. Washa haikuguswa, na kichwa hakikushikwa na chochote.

"Inataka washa nene zaidi," akasema taratibu. "Basi."

"Eeh."

"Uliniambia tangu Jumanne."

"Kunywa chai, Baba Aikande. Itapoa."

Jumamosi walipanda mlima, na kikongwe alikuwa ameshafika mlangoni kabla hawajazima injini.

Sasa sisi. Wapendwa, wengi wetu tumekaza. Tunafunga, tunakesha, tunaimba hadi sauti zinakauka. Baba anasema, mimi sijawahi kulala nje. Mama anasema, watoto wangu nimewanyoosha. Na mshale unasoma vizuri. Lakini mshale hupima nguvu za mkono wako. Unapima wapi kama aliye chini ya mkono huo ameshikwa? Inawezekana mtu akawa mwaminifu miaka thelathini, akakaza kila siku, na uaminifu wote huo ukaishia kwake mwenyewe.

Nani atajua? Mwenye spana hakujua, pamoja na elimu yake yote. Alijua yule aliyekuwa akipangusa.

Yupo nyumbani kwako mtu aliyekwisha kukuambia. Alisema mara ya kwanza, ukamwambia haiwezekani. Alisema mara ya pili, ukampa somo. Sasa amenyamaza, nawe unadhani ameridhika. Yule mama alirudi mara ya tatu akaushika mkono wa mumewe. Ndugu zangu, mara ya tatu haikuahidiwa mtu. Wengine tuliingoja kama haki yetu, na siku moja nyumba ikawa kimya.

Nyumbani kwangu hayupo tena wa kuniambia. Kwako yupo. Leo ukifika, kabla chakula hakijapakuliwa, muulize alikuwa anasema nini. Kisha usimjibu mpaka amalize.