Sanduku la Marehemu Mrindoko

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, milimani Upare palikuwa na hospitali ya macho iliyoita wagonjwa wake kwa barua pepe. Kitanda kikipatikana, barua inatoka: njoo ndani ya siku saba. Usipokuja, zamu yako anapewa mwingine.

Mtunza mtambo wa barua hizo alikuwa Namkunda, mwanamke makini asiye na mchezo na orodha. Barua ikienda kwenye anwani iliyokufa ilirudi na maneno: hapa hakuna mtu. Ikirudi mara mbili, Namkunda alifuta jina. Msimwone katili. Makampuni yanayotunza masanduku ya barua za watu yana walinzi, na walinzi hao huhesabu. Anayebisha hodi nyumba tupu kila wiki huonekana tapeli, na siku moja barua zake zote hutupwa, hata zinazokwenda kwa wenyeji waliopo.

Basi mzee Mrindoko akafariki, na sanduku lake la barua likafungwa. Barua yake ikarudi mara ya kwanza, ikarudi mara ya pili. Kabla jina halijafutwa, mjane wake, Bi Nanzia, akaingia ofisini. Alisema matanga hayajaanuliwa, ndugu wa mume bado wanavutana juu ya siku, na jina la marehemu halifutwi popote kabla ya hapo. Namkunda aliijua mila hiyo, kwao ni hivyohivyo. Akaona haya, akaliacha. Wafiwa wengine waliposikia, nao wakaja. Jina moja likawa mawili, mawili yakawa tisa.

Kila Jumatatu mtambo ulituma tena barua zilizorudi, na kila Jumatatu zile tisa zilirudi: hapa hakuna mtu. Mwaka ukapita hivyo.

Jumatatu moja, ya Mrindoko haikurudi.

Namkunda alisubiri mpaka adhuhuri, akatuma nyingine. Ikapokewa. Wiki iliyofuata zikapokewa mbili, kisha tano, kisha zote tisa. Kuna aliyekuwa akipokea barua za wafu, na hakujibu neno.

Akamwita Bi Nanzia amwombe ruhusa ya kufuta. Mjane alicheka huku machozi yanamtoka.

"Mwanangu, amefika," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa sijui kama amefika. Usimfungie mlango."

Namkunda aliogopa sana, lakini hakufuta.

Tangu siku hiyo vitanda vya hospitali vikalala vitupu. Wagonjwa waliitwa, hawakuja. Wafu walipokea, walio hai hawakupata.

Miongoni mwa walio hai alikuwa Mbonea, fundi cherehani mwenye presha ya macho, mama mdogo wa Namkunda. Waliishi nyumba moja. Kila jioni Mbonea alifungua simu kutafuta barua yake, asimuulize mwenzake, watu wasije wakasema anapitia mlango wa nyuma. Namkunda naye alikuwa na kiapo cha kutosoma majina ya zamu. Wakala ugali sahani moja, kila mmoja na lake moyoni. Zamu ya Mbonea ikaja, ikapita. Asubuhi moja akauliza nani kafunga madirisha. Yalikuwa wazi.

Hapo ndipo Namkunda alipowaandikia walinzi. Jibu lao lilikuwa fupi: sanduku likikaa mwaka bila mwenyewe, tunalifungua tena na kukaa ndani kimya. Anayewaandikia wafu, tunamtambua hapo. Barua zenu zote tumezitupa.

Wanawake hao watatu wakakaa sebuleni kwa Mbonea kutafuta kosa ni la nani.

"Kanuni niliijua, nikaivunja kwa haya," alisema Namkunda.

"Mimi niliomba tu," alisema Bi Nanzia. "Lakini nani kati yenu angekubali mumewe afutwe?"

"Nilikula na mwenye orodha, nikashindwa kuuliza swali moja," alisema Mbonea.

Walinzi hawakuwepo. Barua yao ilisema wanawakinga mamilioni na matapeli, na hilo ni kweli.

Kesho yake Namkunda alifuta majina tisa, la Mrindoko likiwa la mwisho, na Bi Nanzia akiangalia. Barua zikaanza kufika tena kwa walio hai. Ya Mbonea ikafika pia zamu yake iliporudi, njoo ndani ya siku saba, na ilibidi asomewe.

Haya, nanyi mmesikia kama nilivyosikia. Je, giza la Mbonea ni la nani?