Vifungo vya Bingwa

Wapendwa, naomba leo mnifuate hadi nchi ya theluji, kwa ndugu wawili wa Machame waliokuwa wakifanya kazi hotelini huko. Mdogo, tumwite Elinami. Dada yake, Aikaruwa, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Huko kuna mchezo wa kuteleza mlimani. Unasimama juu ya ubao, miguu yote miwili imeshikwa kwa vifungo, unashuka. Elinami aliupenda. Hakuwa mgeni tena, wala hakuwa bingwa; alikuwa pale katikati, ambapo mtu hujidanganya kwa urahisi zaidi.

Basi wakaenda dukani kununua vifungo vyake mwenyewe. Muuzaji, mama mtaratibu, akawaeleza kwamba vipo laini vya anayejifunza. Mguu ukikosea kidogo, vinamvumilia. Vipo vigumu vya mabingwa, kila mtikisiko wa mguu vinaupeleka moja kwa moja kwenye ubao, havisamehi. Na vipo vya kati. Kisha akamuuliza Elinami, "Kwenye mteremko mkali, miguu yako inatetemeka?"

"Haitetemeki," akasema Elinami.

Aikaruwa alikuwa amesimama kando yake. Wiki iliyopita tu alimwona kwenye mteremko ule, magoti yakimcheza, akimaliza kushuka kwa kukalia makalio. Alijua. Lakini angemwaibishaje mdogo wake mbele ya mgeni? Akajifanya anatazama glavu. Wakatoka na vifungo vya bingwa.

Jumamosi iliyofuata Elinami alipanda juu kabisa. Katikati ya mteremko goti likatetemeka, ubao ukatii, ukingo wake ukang'ata theluji, na kijana akarushwa, mgongo ukagonga mti. Waokoaji walipofika walivikuta vifungo vizima kabisa. Kilichovunjika ni uti wa mgongo.

Niulize, ndugu zangu: kosa ni la nani? Najua mnasema moyoni, kiburi cha kijana. Nami ningeishia hapo, tukaimba, tukaenda nyumbani.

Lakini sikilizeni. Walirudi Machame. Asubuhi moja Aikaruwa alikuwa akimlisha uji kitandani, naye Elinami, akitazama dari, akamuuliza kwa upole, "Dada, siku ile dukani, ulijua?"

"Nilijua, mdogo wangu."

"Sasa mbona ulininyamazia?"

Aikaruwa akaendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeshapoa.

Wapendwa, sisi tulio humu wengi si Elinami. Sisi ni Aikaruwa. Tunamwona binti akikubali ndoa ambayo machozi yake yanaikataa, tunashona sare. Tunamwona mwenzetu akipewa uongozi naye nyumbani kwake hapakaliki, tunapiga makofi. Tunamwona baba akinywa mpaka mikono inatetemeka, tunatazama pembeni. Tunaiita heshima. Tunasema, nisimwaibishe. Je, aibu ya dakika moja dukani ingemuua nani?

Mungu hatatuuliza tu tulisema nini. Atatuuliza tulijua nini tukanyamaza. Kila mmoja wetu, hapa alipokaa, yupo mtu mmoja amemjia kichwani sasa hivi. Usimwombee tu. Ukitoka hapa, nenda kwake, mwite pembeni, umwambie. Mwambie angali amesimama.