Nani Atambeba Mtoto wa Nyabise

Nina kesi. Semeni, "Ilete." Haya, naileta, na wewe uliyeegemea mlango usinisinzilie, maana nikimaliza naanza na wewe.

Kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, jina lake silitaji kwa sababu wenyewe wangali hai na aibu bado wanayo, palikuwa na boti ya kijiji. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya kuvusha wagonjwa na waja wazito kwenda hospitali ng'ambo. Watu watatu walikabidhiwa kuitunza, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Manyama alikuwa seremala. Ndiye aliyejua mashine ifungwe juu kiasi gani pale nyuma ya boti. Ikikaa chini mno inaburuta maji. Ikikaa juu mno, propela inatoka majini na kutafuna hewa.

Kujerwa alikuwa fundi mashine, mwanamke wa maneno machache. Mashine ikikohoa ziwani, yeye jikoni kwake anajua inaumwa wapi. Ndiye aliyejua propela. Kuna yenye majani yaliyopinda kidogo, hiyo husukuma mzigo mzito bila haraka. Kuna yenye majani yaliyopinda sana, hiyo hukimbia boti ikiwa tupu, lakini ukiipa mzigo inaikaba mashine.

Masatu alikuwa nahodha. Watu walisema huyu huliona wimbi kabla halijainuka, na yeye alipenda sana wakisema hivyo.

Mpaka hapo hakuna kesi. Kesi ililetwa na majirani wa kijiji cha pili, watu wenye mdomo hao. Kila wakiiona ile boti ikipita wanacheka: "Kitanda cha wodi kinaelea." Basi yakatangazwa mashindano ya boti za mashine, na watatu wetu wakaangaliana.

Manyama akapigilia kibao cha mninga juu ya ubao wa nyuma, mashine ikapanda. Kujerwa akatoa propela ya mzigo, akafunga ya mbio. Masatu akashika mkono wa mashine. Maji yalikuwa yametulia, boti tupu, ikaenda utadhani inafukuzwa. Wakashinda, mbuzi wa zawadi akachinjwa, na kijiji cha pili kikala kimya.

Kesho yake kila kitu kilitakiwa kirudi mahali pake. Manyama akasema, "Siwezi kung'oa kibao kabla Kujerwa hajatoa propela yake." Kujerwa akasema, "Masatu aniletee boti, nitaitoa." Masatu akasema, "Kesho." Alikuwa amenogewa. Alipita nayo karibu na ufuko, watu wakampungia, naye hakutaka kurudi kuwa dereva wa kitanda. Kila mmoja alijua boti haiko sawa, na kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumsubiri.

Ndipo Nyabise, mke wa Bwire, akashikwa na uchungu. Mumewe alikuwa ng'ambo kwenye kibarua. Mkunga akampima, akatikisa kichwa, akasema huyu avushwe sasa hivi. Wakamlaza kwenye godoro ndani ya boti. Akapanda mama yake, wakapanda shangazi zake, zikapakiwa ndoo, unga, kuni, na vyote ambavyo mtu huenda navyo wodini. Manyama na Kujerwa walikuwepo pale ufukoni. Wangeweza kusema, "Ngojeni kwanza." Wakaona haya kusema mbele za watu. Wakaingia nao, kama watu wanaokwenda kusaidia tu.

Karibu na ufuko boti ilijikokota. Walipofika katikati upepo ukaamka. Wimbi likiinyanyua boti, propela inatoka majini na mashine inapiga kelele za bure. Boti ikishuka, mashine inakoroma kwa uzito na hakuna mwendo. Nyabise alikuwa ameuma khanga. Mama yake amefumba macho, anasali.

"Hukuniletea boti nitoe propela, kila siku kesho," Kujerwa akamwambia Masatu kwa sauti ya chini.

"Na wewe hukuja kuifuata."

"Nyamazeni, wanasikia," akasema Manyama.

Masatu akazima mashine na kuchukua kasia. Boti isiyo na mashine hugeuka ubavu, na wimbi linaimaliza. Yeye aliishikilia pua yake ielekee mawimbi, viganja vikachunika, hakuachia. Bila Masatu wangepinduka.

Kujerwa na Manyama wakafungua vishikio, wakaibeba mashine na kuilaza ndani, juu ya godoro. Hapakuwa na pahali pengine. Nyabise akakunja miguu kuipisha, uchungu ule ule ukiwa naye. Kujerwa akachomoa pini, akatoa propela ya mbio, akavuta ya zamani kutoka kwenye sanduku la vifaa, akaifunga huku boti inaruka, pini ikiwa kati ya meno. Ingemponyoka, ingekuwa basi. Bila Kujerwa mashine ingeendelea kukabwa na mzigo mpaka ife.

Manyama akainama nyuma, maji yanampiga usoni, aking'oa kile kibao kwa patasi. Alikuwa amekipigilia vizuri, fundi yule, akajilaani kwa kila msumari. Kilipotoka, mashine ikarudishwa chini, propela ikazama inavyotakiwa. Bila Manyama ingetafuna hewa mpaka leo.

Mashine ikawaka na kushika maji, boti ikasonga.

Mtoto alizaliwa mara tu walipofika. Muuguzi akasema wangechelewa kidogo zaidi angewapoteza wote wawili. Mtoto wa kike, mzima, ana kelele. Bwire alipokuja mbio na kusikia kwamba mashine iligoma katikati ya ziwa na hawa watatu wakaitengeneza kwenye mawimbi, alilia, akawashika mikono mmoja mmoja. Masatu akaificha yake kwa sababu ya vidonda, na kwa sababu nyingine pia.

Sasa sikilizeni desturi ya kisiwa kile. Mtoto hatolewi nje mpaka apewe jina, na yule ambaye jina lake limerithiwa ndiye humbeba kumpitisha mlangoni, watu wote wakimwona. Wala msiniulize mtoto wa kike ataitwaje Masatu. Kwao jina halina sketi wala suruali.

Siku ikafika, wamesharudi kisiwani, uwanja umejaa. Bwire akawaita watatu ndani. "Jina ni la mmoja wenu. Semeni nani alifanya kazi kubwa."

Ajabu, hakuna aliyejitaja.

"Mpe Kujerwa," akasema Masatu. "Mimi nilipiga kasia tu."

"Mpe Manyama," akasema Kujerwa, anatazama miguu yake.

"Masatu ndiye nahodha," akasema Manyama.

Bwire akacheka. "Tazameni watu wenye staha hawa." Cheko lile liliwachoma kuliko tusi. Manyama alikuwa halali tangu siku ile, akifumba macho anasikia misumari. Kujerwa alikuwa ameizika propela ya mbio nyuma ya nyumba, na bado kila akipita pale anaruka upande. Masatu alikuwa ameacha kupita karibu na ufuko.

Nyabise akasema kutoka kitandani, akiwa amekaa kwenye lile godoro lenye doa la oili. "Mume wangu, si staha hiyo. Mimi nilikuwa nimelala pale. Nilisikia habari ya kibao, na ya propela, na ya kesho." Akamweleza yote, bila kupandisha sauti. Bwire akakaa chini.

Kisha Nyabise akawageukia watatu. "Mliniweka majini, na mkanitoa. Vyote ni vyenu. Ila nisingepatwa na uchungu, mngeirudisha lini?"

Masatu akageuka kuutafuta mlango. Nyabise hakumngoja.

"Jina mtatoa, mpende msipende. Nitamwita huyu asubuhi, nitamwita jioni, nitamwita akirusha mawe kwa jirani. Kila nikiita, mmoja wenu ajue naye ameitwa." Akamnyanyua mtoto, akamnyoosha mbele yao. "Haya. Watu wanangoja nje. Nani anambeba?"

Mikono ya Nyabise bado imenyooshwa hivyo, na mimi nimefika mwisho. Manyama aliyeinua mashine, Kujerwa aliyebadilisha propela, au Masatu aliyesema kesho? Na jina hilo atakayelipata, amepewa zawadi au amefungwa?

Wewe wa mlangoni, nilikuambia naanza na wewe. Je, ungempa nani?