Mrithi wa Wimbo wa Bi Zamzam

Sikilizeni kwanza, kisha mpime. Katika mji mmoja wa Pemba walikuwapo ndugu watatu, watoto wa marehemu Bi Zamzam, mwimbaji wa taarabu. Faki, mkubwa wao, alijaliwa mkono usiopoteza kitu. Kombo alijaliwa sikio: katika kelele za soko zima angekutolea kikohozi cha mtu mmoja. Mize, kitinda mimba, alijaliwa koo la mama yake.

Klabu ya Bi Zamzam ilikuwa na ukumbi wa kale, na ukumbi ulikuwa na mila: wimbo hurithiwa na mtu mmoja tu. Mrithi akisema uimbwe, huimbwa. Akisema ulale, hulala. Bi Zamzam alifariki bila kutaja mrithi. Watu wakaacha kuja, paa likavuja, na klabu ikaonywa kuwa jengo lisilo na wageni litabomolewa.

Ndipo Faki akatoa kanda yenye wimbo wa mama. Nyumba yake ilipoungua aliiokoa hiyo kwanza, kitanda chake cha harusi kikateketea. Bila Faki, pasingekuwa na sauti.

Kombo akaiingiza kanda katika kompyuta, akaichambua sauti ya mama kutoka kwenye fidla na vigelegele, kama achambuaye mchele gizani. Bila Kombo, pangebaki mkwaruzo mtupu.

Lakini ubeti wa mwisho ulikuwa umeliwa na ukungu. Mize akauimba, kompyuta ikamvisha sauti ya marehemu. Bila Mize, wimbo ungekatika.

Siku ya kuufungua tena ukumbi, taa zilizimwa, Bi Zamzam akaimba. Wazee wakainuka kwenda kumtunza, wakaweka noti zao juu ya kiti kitupu. Walio ng'ambo wakakata tiketi kwa simu. Paa likaezekwa upya.

Siku moja Mize alikuwa akimbembeleza mwanawe alale. Mtoto akajifunika uso.

"Mama, usiimbe. Huyo ni bibi wa ukumbini."

Mize akakatiza. Akajaribu tena, polepole, akilitafuta koo lake mwenyewe. Hakulipata.

Kesho yake akasimama mbele ya wanachama. "Nirithisheni mimi. Nitaulaza."

"Umzike mama mara ya pili?" Faki akauliza.

"Kaka, mara ya kwanza tulimzika yeye. Safari hii mnanizika mimi."

"Basi na ukumbi uporomoke hapo hapo, tuchangie sanda moja," Kombo akadakia. "Wageni wanaufuata wimbo huo, Mize. Nikirithi mimi, mama ataimba hata nyimbo mpya."

Faki akageuka. "Nyimbo ambazo hakuziimba? La! Nikirithi mimi, ataimba huu huu, hivi hivi, daima."

Wanachama wakamiminiana chai. Chai ikapoa, jina lisitajwe.

Haya, nyinyi mliosikia: wimbo ni wa aliyeuokoa motoni, wa aliyeufufua, au wa aliyeukamilisha kwa pumzi yake? Mngemrithisha nani? Na mkishamtaja, mwambieni Mize amwimbie mwanawe kwa sauti gani.