Gogo Lisilotoka Damu

Nani amecheka? Wewe? Hujawahi kuvunja hata ukuni mmoja, utajuaje msituni mna nini? Ukidhani naongopa, nenda kalale kwenu. Wanaobaki waitikie kwa nguvu.

Paukwa!

Pakawa!

Gogo lina nini?

Lina kiu!

Basi, palikuwa na mji kando ya msitu. Wanawake wa mji ule hawakuokota kuni ovyo. Magogo yaliyooza yalikuwa na kuvu. Si uyoga huu mnaoujua, wenye kikonyo na mwavuli. Kuvu lile lilijibandika gogoni kama ukoko wa wali chini ya sufuria. La kijivu, lina mikunjo, na likikauka kingo zake hujikunja juu. Ukilikwangua kwa ukucha, hutoka maji mekundu kama damu.

Na Zimwi nalo, likilala msituni, hufanana na gogo. Ukoko ule ule, mikunjo ile ile, kingo zile zile. Ila ukilikwangua halitoi kitu. Halina damu yake, hunywa ya watu.

Ndiyo maana desturi ikawa moja: kwangua kwanza, ndipo ubebe.

Siku moja Siwatu, mama wa mtoto mchanga aitwaye Mize, alikwenda kuni. Jana yake alikuwa harusini, vidole na kucha vyote hina. Akaona gogo nono. Akalikwangua, akatazama ukucha. Mwekundu! Akajitwika, huyoo, mpaka nyumbani. Akalilaza jikoni, karibu na moto, karibu na mkeka wa mtoto.

Mama mkwe wake, Bi Mwanatenga, akauliza kutoka uani, "Siwatu, umekwangua?"

"Nimekwangua, mama. Jekundu."

"Gogo, au ukucha wako?"

Siwatu akatazama kidole chake. Akachukua kisu, akakwangua tena. Vumbi la kijivu. Akakwangua mara ya pili. Vumbi. Akakwangua mara ya tatu, na gogo likapumua.

Kingo za ukoko zikasimama kama masikio. Mikunjo ikafunguka, kumbe ndani mna macho.

"Nina kiu," likasema, likanyoosha mkono.

"Nina kiu." Likamshika Mize mguu.

"Nina kiu!" Likapanua kinywa.

Siwatu akainua mikono yake juu ya moto.

"Kitoto hicho kikavu, hakina hata tone! Tazama mimi ninavyochuruzika!"

Zimwi likatazama mikono, likaona wekundu. Likamwachia mtoto, likairukia. Likang'ata kidole kimoja, likakimeza. Lakini ukoko mkavu na moto havikai pamoja: ukashika, ukawaka. Siwatu akamnyakua Mize, akatoka, akaegemeza kinu mlangoni.

"Nina kiu! Nina kiu! Nina..."

Kimya.

Bi Mwanatenga akamfunga jeraha kwa kitambaa. "Kimeliwa kipi?"

"Cha kukwangulia, mama."

"Basi kesho utakwangulia kingine. Na utazame gogo."

Hadithi yangu imeishia hapo, jivuni. Ukitaka kukijua kitu, kitazame chenyewe, usitazame mkono wako.

Mbona mmekumbatiana? Si mlikuwa mnacheka? Haya, mimi natoka, na mlango naufunga.